Iowa City: kodi ya nyumba inafuata mfuko wa wanafunzi, mfanyakazi Mkongomani analipia

Kwa familia nyingi za Bukavu, Uvira, Goma na Lubumbashi, jina la Iowa si geni tena. Katika jimbo hilo la katikati ya Marekani kuna wilaya ya Johnson, ambayo huko wanaiita kaunti, na Wakongomani ni kati ya jamii kubwa za wahamiaji wanaoishi humo. Wengi walifika kwa lotari ya viza, wengine kama wakimbizi, wengine waliwafuata ndugu zao waliotangulia. Wanafanya kazi viwandani, hospitalini, katika nyumba za wazee na usafi wa maofisi. Kiswahili, Kifaransa na Kilingala vinasikika madukani na makanisani.

Kazi zipo. Lakini mshahara ukishaingia, kitu cha kwanza kuula ni kodi ya nyumba. Na kodi hiyo haipangwi kwa kutazama mshahara wa mfanyakazi. Inapangwa kwa kutazama mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kulipa kiasi gani.

Hesabu yenyewe inaeleweka bila shida. Wilaya nzima ya Johnson ilikuwa na wakaaji 152,854 katika hesabu ya watu ya mwaka 2020. Mji wake mkuu, Iowa City, una watu karibu 75,000. Katika mji huo huo, Chuo Kikuu cha Iowa kina wanafunzi zaidi ya 30,000. Mwaka wa kwanza wengi wanalala katika mabweni ya chuo. Baada ya hapo wengi wao wanatoka kwenda kupanga nyumba mjini na katika miji jirani kama Coralville.

Wanafunzi wanne wakikodi nyumba ya vyumba vinne, kila mmoja akatoa dola 600, mwenye nyumba anapata dola 2,400 kwa mwezi. Nyuma yao kuna wazazi wanne wanaotia sahihi kama wadhamini. Sasa aje baba na mama wa Kikongomani wenye watoto watano. Nao wanahitaji vyumba vinne, lakini mishahara ni miwili tu, pengine mmoja. Hawana historia ya mikopo Marekani, hawana wa kuwadhamini. Nyumba ni ile ile, na mwenye nyumba hahitaji kuwa mtu mbaya ili achague wanafunzi. Hesabu inamchagulia.

Ndiyo maana familia kubwa ndizo zinazobanwa zaidi. Nyumba ndogo si shida sana kuipata. Nyumba ya kulea watoto ndiyo iliyogeuka kuwa mali ya kugombania na vijana wanaolipa kwa kitanda.

Serikali ya Marekani ina kipimo chake: familia inayotoa zaidi ya asilimia 30 ya mapato kwa ajili ya makao inahesabiwa kuwa imelemewa. Mtu anayepata dola 16 kwa saa, akifanya saa 40 kwa juma, anaingiza karibu dola 2,770 kwa mwezi kabla ya kukatwa kodi ya serikali. Asilimia 30 yake ni dola kama 830. Katika Iowa City, nyumba ya vyumba viwili kwa kawaida inapita dola 1,000. Pengo hilo linazibwa na kazi ya pili, na zamu za usiku, na watoto wanaobaki peke yao jioni.

Hata kalenda ni ya wanafunzi. Mikataba mingi inaanza Agosti na kuisha mwisho wa Julai, na wanafunzi wanaanza kutafuta nyumba za Agosti tangu Oktoba au Novemba ya mwaka uliotangulia. Familia inayoteremka ndegeni mwezi wa Februari inakuta nyumba nzuri zimeshachukuliwa. Inapokea kilichobaki, mbali na basi, mbali na kazi.

Wengine walikimbilia nyumba za kuhamishika, ambapo mtu ananunua nyumba yake na kukodi kiwanja tu. Huko nako soko limewafuata. Mwaka 2019 kampuni ya uwekezaji kutoka jimbo la Utah ilinunua viwanja vya namna hiyo katika wilaya hii, na wakaaji wa North Liberty wakatangaziwa kwamba kodi ya kiwanja itapanda kwa zaidi ya asilimia 50. Nyumba inaitwa ya kuhamishika, lakini kuihamisha kunagharimu maelfu ya dola. Wengi hawana uwezo huo. Wanalipa au wanaiacha.

Itakuwa makosa kumtupia mwanafunzi lawama yote. Wengi wao wanasoma kwa mikopo watakayoilipa miaka mingi. Chuo pamoja na hospitali yake ndicho mwajiri mkubwa kuliko wote katika wilaya, na Wakongomani wengi wanakula kutokana na ajira hizo. Watoto wao pia wanatamani kuingia katika madarasa hayo. Chuo kikiondoka, kodi itashuka, na kazi zitaondoka pamoja nacho.

Lawama kubwa zaidi iko Des Moines, kwenye bunge la jimbo. Viongozi wa wilaya na wa mji walijaribu zaidi ya mara moja kuwalinda wakaaji, na kila mara mlango ulifungwa kutoka juu.

Mwaka 2015 wilaya ya Johnson iliamua kupandisha mshahara wa chini hatua kwa hatua hadi dola 10.10 kwa saa. Mwaka 2017 bunge la jimbo lilifuta uamuzi huo, na mshahara wa chini kisheria ukarudi dola 7.25, ambapo umesimama tangu 2008. Mji wa Iowa City uliweka kikomo cha nyumba za kupangisha katika kata zilizo karibu na chuo, ili familia zisifukuzwe na biashara ya vitanda. Mwaka 2019 bunge lilipiga marufuku vikomo vya namna hiyo. Mji ulikataza pia mwenye nyumba kumkataa mpangaji kwa sababu tu analipa kwa msaada wa serikali. Sheria ya jimbo ya mwaka 2021 iliondoa kinga hiyo. Tena, sheria ya Iowa inakataza mji au wilaya yoyote kuweka kiwango cha juu cha kodi ya nyumba.

Wabunge wanasema soko lijiendeshe lenyewe. Lakini soko hilo haliko huru kama wanavyolisema. Chuo cha serikali kinaleta maelfu ya wapangaji kila mwaka, na mali zake hazilipi kodi ya majengo kama nyumba ya raia. Serikali inayoleta mahitaji haiwezi kunawa mikono bei inapopanda.

Kilichobaki mikononi mwa viongozi wa wilaya ni kujenga na kuruhusu kujenga. Kazi imeanza. Tangu 2016, anayejenga jengo kubwa la makao katika eneo la Riverfront Crossings lazima atenge asilimia 10 ya nyumba kwa watu wa kipato cha chini kwa muda wa miaka 10, au alipe pesa mahali pake. Mwaka 2023 baraza la mji lilibadili kanuni za viwanja ili nyumba za familia mbili zijengwe mahali ambapo zamani ilikuwa ni nyumba ya familia moja tu. Ni hatua nzuri, lakini ni ndogo. Miaka 10 ikipita, ile nyumba ya bei nafuu inarudi sokoni, na mtoto aliyezaliwa humo bado yuko shule ya msingi.

Chuo chenyewe kinapaswa kubeba sehemu yake. Kila kitanda ambacho chuo kinajenga kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu ni kitanda kimoja kilichorudishwa kwa wakaaji wa mji. Kuongeza wanafunzi bila kuongeza vitanda ni kuipa mitaa deni ambalo haikuomba.

Jamii ya Wakongomani nayo ina silaha ambazo haijazitumia vya kutosha. Sheria ya Iowa inasema garanti haiwezi kupita kodi ya miezi miwili, na mpangaji akitoka, mwenye nyumba ana siku 30 za kuirudisha au kuandika wazi kwa nini ameikata. Wengi hawajui, wanaondoka wakiwa wameacha mamia ya dola. Huku Kongo pia sheria ya Desemba 2015 inaweka kikomo cha miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi, lakini mara nyingi mpangaji anaombwa zaidi na ananyamaza. Kunyamaza huko kusisafiri na watu hadi Iowa. Mikutano ya baraza la mji iko wazi kwa kila mkaaji, awe raia au la. Na aliyepata uraia ana kura, tena kura ya wabunge wa jimbo ndiyo yenye uzito zaidi katika jambo hili.

Familia zilizobaki Kivu na Katanga zina la kuelewa pia. Ndugu anayesema mwezi huu hana cha kutuma huenda hadanganyi. Dola anayoipata anaipata mahali ambapo kulala tu kunaweza kumeza nusu ya mshahara. Kabla ya kumwita mchoyo, aulizwe kwanza analipa nyumba kiasi gani.

Wilaya ya Johnson inawahitaji watu hawa. Wanahudumia wagonjwa wake, wanasafisha madarasa yake, wanafungasha bidhaa za viwanda vyake. Mji unaokubali kazi ya mtu lakini hauna mahali pa kumlaza, mwishowe utampoteza mtu huyo, ataenda kutafuta mji mwingine. Bunge la Des Moines likiwa limekataa kuwalinda wapangaji hawa, angalau lisiwazuie walio karibu nao kufanya hivyo.