Ndugu Wawili wa Double Dragon: Ngumi si Taabu, Taabu ni Sarafu

Msomaji aliyezoea kuniona katika ukurasa huu nikizungumzia mashairi, ngoma na mambo ya kale, leo na anistahamilie. Nataka kusema juu ya mchezo wa video, tena mchezo wa ngumi na mateke, na sitaki kuusema kwa kejeli.

Majuzi nilikuwa Machakos kwa shughuli ya arusi. Mji ule uliotokana na jina la mzee Masaku wa Wakamba si mgeni kwetu watu wa pwani, kwani misafara ya babu zetu ilipita Ukambani zamani sana, kabla ya reli na kabla ya Nairobi kuwa mji. Nilipotoka kusali magharibi nilipita karibu na stendi ya matatu, nikasikia kelele ya watu wazima wakibishana kana kwamba wanagombea shamba. Nikachungulia. Kilikuwa kibanda cha michezo ya video. Vijana walikuwa wakicheza mpira kwenye televisheni kubwa, kila mechi na bei yake; lakini pembeni, mbele ya kioo kidogo, walikaa wanaume wawili waliopita arubaini, mmoja fundi wa magari (niliijua kazi yake kwa mikono), na mwenziwe mwalimu wa shule. Wakibishania Double Dragon.

Kwa asiyeujua: jina hilo kwa lugha yetu ni kama kusema Joka Pacha. Ulitengenezwa Japani na kampuni ya Technos, ukatolewa mwaka 1987. Aliyeubuni, Yoshihisa Kishimoto, mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa mchezo mwingine wa kupigana, alioutungia magomvi yake mwenyewe ya shuleni. Ulikaa ndani ya kabati kubwa lenye kioo, kijiti cha kushika na vitufe vya kubonyeza, na haukuamka mpaka utumbukize sarafu. Kisa chake ni chepesi: majambazi wampiga ngumi ya tumbo binti aitwaye Marian, wambeba begani na kwenda naye. Ndugu wawili, Billy Lee na Jimmy Lee, watoka kumtafuta, mtaa hadi mtaa, wakipigana na kila atokeaye.

Hilo jina la Lee halikuja bure. Kishimoto aliipenda ile filamu ya Bruce Lee ya mwaka 1973, Enter the Dragon, hata baadhi ya majambazi wa mchezo wakapewa majina ya watu wa filamuni. Nilipoambiwa hayo nilicheka peke yangu. Sisi tuliokuwa watoto Mombasa miaka ya 1970 na 1980 twamjua Bruce Lee kuliko tulivyowajua baadhi ya ami zetu. Tulitoka chuoni, juzuu kwapani, tukitupiana mateke njia nzima, na mwalimu akipata habari alitukumbusha kwa bakora kwamba yeye naye ajua kupiga.

Sasa tuwasikilize wenye mchezo wao, maana maoni ya mchezaji ni kama maoni ya mlaji: mpishi asema lake, lakini ulimi haudanganyiki.

Fundi alisema mchezo ulio bora ni ule wa kwanza, ule wa kabatini. Mwalimu akamwambia, "Wewe waupenda kwa sababu ya kiwiko." Watu wakaangua kicheko, nami sikuelewa mpaka nikaelezwa. Katika mchezo ule wa kwanza kuna pigo la kiwiko, la kumpiga adui anapokukaribia kwa nyuma, na pigo hilo lamwangusha kila mtu, hata lile pandikizi la mtu liitwalo Abobo lipasualo ukuta na kutokea. Anayelijua kiwiko hahitaji kujua kitu kingine. Mateke ya kuruka, mjeledi, rungu, pipa, kumshika mtu nywele na kumpiga goti, yote yawa mapambo tu. Mwalimu aona hiyo ni ila kubwa. Fundi asema la, ndivyo dunia ilivyo. Kila fundi ana spana moja aipendayo. Aidha wote wawili walikiri kwamba maadui wakizidi pale kiooni mchezo hulemewa, watu wakaenda polepole kama wamo ndani ya maji.

Lakini chanzo cha mapenzi yao kilikuwa kwingine. Walipokuwa wavulana, miaka ya 1990, hawakuliona kabati. Waliuona mchezo huo kwa kidude cha kuunganishwa na televisheni, nyumbani kwa jirani aliyekuwa na uwezo. Na katika toleo la nyumbani la mwaka 1988, ndugu wawili hawatoki pamoja! Mmoja acheza, mwenziwe angoja afe ndipo ashike yeye. Zaidi ya hayo, mwisho wa safari Billy agundua kwamba mkuu wa majambazi ni nduguye Jimmy. Mwalimu alituambia kwamba siku walipofika hapo walinyamaza wote, kisha wakaenda kwao bila ya kuagana.

Ndiyo sababu mwalimu ashikilia ule wa pili. Huo katika toleo la nyumbani, uliotoka Japani mwishoni mwa 1989, waruhusu wawili kutembea bega kwa bega, tena mtachagua wenyewe kama ngumi zenu zaweza kuumizana au la. Vitufe vyake vina uchawi kidogo: kimoja chapiga kushoto, kimoja kulia, hata ukageuka vipi, na wengi waliozoea ule wa kwanza waliuchukia kwa hilo. Mwalimu asema ukishazoea, wapigana na mtu wa mbele na wa nyuma bila ya kugeuza shingo. Fundi asema huko ni kucheza kinanda.

Na ule wa tatu, je? Hapo hapakuwa na ubishi. Waliupatiliza wote, hata mwenye kibanda. Umetoka mwaka 1990, ukatengenezwa na kampuni nyingine, na ndani ya mchezo wa kabatini muna maduka. Shujaa aingia dukani katikati ya safari, na wewe mchezaji watia sarafu ya kweli, ya mfukoni mwako, ili ununue silaha, au nguvu, au pigo jipya. Pigo ambalo katika mchezo wa kwanza ulilipata kwa mkono wako, hapa walinunua. Toleo lililouzwa Japani kwenyewe liliondolewa maduka hayo. Wageni ndio waliouziwa. (Toleo lake la nyumbani nalo liliandikwa jina la Billy kimakosa, likawa "Bimmy", na hadi leo wachezaji wa dunia nzima walicheka kosa hilo. Mimi niliyeona majina ya washairi yakiharibiwa magazetini miaka thelathini sikucheka sana.)

Hapa sasa nina neno langu. Wazee wetu wa Mji wa Kale, nikiwatajia michezo hii, huuliza juu ya ngumi. Ati watoto watafundishwa ujeuri. Mimi si mufti, wala sitoi fatwa. Lakini sisi watu wa pwani ndio wa mwisho wa kuogopa mchezo wa kupigana. Nendeni Lamu siku za Maulidi mkaangalie kirumbizi. Wanaume wawili waingia uwanjani na fimbo, zumari yalia, ngoma yajibu, na fimbo yapigwa kweli kweli. Lakini kuna adabu ya kuingia na adabu ya kutoka, na aliyekupiga ndiye utakayekula naye pilau baadaye. Washairi wetu nao, tangu enzi za Muyaka, wamepigana kwa beti mpaka mji mzima ukachukua upande. Pigano lenye adabu ni shule. Ujeuri wa watoto wetu una vyanzo vingi, na sidhani kabati la mwaka 1987 ni mojawapo.

Kitu kilichonichoma mimi ni viwili, na cha kwanza alikitaja mwanamke. Palikuwa na dada aliyekuwa akiuza chai mlangoni, naye aliwasikiliza muda wote. Akasema, "Miaka yote hii mwabishana kiwiko na vitufe. Huyo Marian kuna aliyemuuliza?" Pakawa kimya. Kwani hivyo ndivyo ilivyo: katika wa kwanza atekwa, katika wa pili apigwa risasi na kufa mwanzoni kabisa ili wanaume wapate sababu ya kupigana. Tena ule wa kwanza una mwisho wa ajabu. Mkishamshinda jambazi mkuu na bunduki yake, na ndugu wote wawili mkawa hai, mchezo hauishi. Hapo lazima mpigane ninyi kwa ninyi, na atakayesimama ndiye atakayempata Marian, kama zawadi ya mashindano ya baiskeli. Sote tuliosoma chuoni twakijua kisa cha Habil na Qabil, na kunguru aliyekuja kumfundisha muuaji namna ya kuzika. Basi watu wawili wametembea pamoja mtaa mzima, wameokoana mara kumi, halafu waambiwa hivyo!

Cha pili ni duka la ule mchezo wa tatu. Mwaka 1990 watu walilikataa, wakauona mchezo umewafanyia tamaa. Leo hakuna anayelikataa. Nilimwangalia kijana mmoja pale pale kibandani, simu mkononi, amelipa kwa M-Pesa ili apate wachezaji wa timu yake ya kwenye simu, bila hata ya kujua ni wachezaji gani atakaowapata. Kulipa bila kujua utapata nini, hilo kwetu lina jina, nalo ni kamari. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilifanya msako wa mashine za kamari zilizokuwa zimetapakaa madukani mpaka vijijini, zikakamatwa na kuharibiwa, na wengi wetu tulishangilia. Ya simuni hayana umbo la kukamatwa. Sheikh atakayekemea ngumi za Billy na kuinyamazia sarafu hiyo, mimi naona amepigana na kivuli, mwizi akapita mlangoni.

Nilitaka kuondoka, fundi akanizuia. "Mzee, kaa uone mwisho." Walikuwa wameufikisha ule mchezo wa kwanza, wa kabatini, uliowekwa ndani ya kompyuta, mpaka chumba cha mwisho. Jambazi mkuu akaanguka. Ndugu wawili wakabaki wakitazamana, mmoja buluu, mmoja mwekundu. Mwalimu akakiweka kidude chake juu ya meza, akafunga mikono kifuani.

Fundi akampiga mara moja, akasita. "Shika bwana," akasema. "Shika, upigane. Sitaki kupewa."

"Sipigani," mwalimu akasema.

"Basi umenidhulumu!"

Adhana ya isha ikaanza. Nikawaacha hapo hapo, fundi amehamaki, Billy na Jimmy wamesimama, na dada wa chai akikusanya vikombe vyake.