Si Kila Li Ni Li

Majuzi mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili aliniletea sura ya pili ya tasnifu yake. Humo alimmiminia sifa mtaalamu mmoja wa isimu aitwaye Li. Kwa mujibu wa sura hiyo, Li huyo alieleza lugha ya wenyeji asilia wa California mnamo 1930, akaandika historia ya lugha ya Kichina katika miaka ya 1950, akalinganisha lugha za Kitai mwaka 1977, na hatimaye akatoa sarufi ya Kimandarini mwaka 1981. "Mwalimu, huyu mzee ni bahari," aliniambia. Nilipomuuliza alivyoigundua bahari hiyo, alijibu kwamba aliliandika jina hilo katika hifadhi ya kitaaluma ya kompyuta, na orodha ikamjia.

Naam, orodha ilimjia, lakini wasomi waliomo walikuwa watatu. Kazi ya 1930 na ile ya 1977 ni za Li Fang-Kuei, mzaliwa wa Guangzhou aliyesomea Chicago chini ya Edward Sapir. Sarufi ya 1981 ni ya Charles Li akishirikiana na Sandra Thompson. Ama historia ya Kichina, hiyo ni ya Wang Li, ambaye si wa ukoo wa Li hata kidogo. Wachina hutanguliza jina la ukoo. Kwa hivyo Wang ndilo la ukoo, na Li ni jina lake binafsi.

Sikumcheka kijana huyo. Nami nilipokuwa mwanafunzi nilitenda kosa la kinyume. Niliona muhali mtu mmoja kuzamia lugha za California na pia za Asia ya Kusini-Mashariki, nikamgawa Li Fang-Kuei kuwa watu wawili. Yeye aliwaunganisha watatu, mimi nilimpasua mmoja. Sote tulilitegemea jina bila ya kuzifungua kazi zenyewe.

Mzizi wa tatizo hili umo katika lugha na maandishi. Wang, Li na Zhang ni majina ambayo kila moja lina watu zaidi ya milioni 90 nchini Uchina. Isitoshe, Kichina ni lugha ya toni, na kila jina lina alama yake ya maandishi. Yapo majina ya ukoo zaidi ya moja yanayoandikwa Li kwa herufi za Kirumi, ilhali kwa Kichina hutofautiana kwa toni na kwa alama. Huko Hong Kong, moja kati yake huandikwa Lee na jingine Lai. Naye Wong wa Hong Kong huenda akawa Wang wa Beijing, au akawa Huang. Tahajia ya pinyin iliidhinishwa rasmi mwaka 1958, na kabla yake, hata baada yake, wasomi wengi walitumia tahajia nyingine. Ndiyo maana Yuen Ren Chao, aliyechapisha sarufi mashuhuri ya Kichina cha mazungumzo mwaka 1968, katika orodha nyingine ni Zhao Yuanren.

Watakuwepo wa kusema kwamba haya ni madogo, na kwamba kompyuta itayatatua. Kompyuta hukusanya kile ilicholishwa. Ikilishwa "Li, F." au "Wang, L.", haina njia ya kumjua mwenye jina. Na madhara yake si madogo, kwani wasomi siku hizi hupandishwa vyeo kwa kuhesabiwa ni mara ngapi kazi zao zimetajwa. Kumpa mmoja jasho la mwingine ni dhuluma. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Sisi wenyewe tunaijua dhuluma hiyo. Marehemu Ngũgĩ alichapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1964 kwa jina la James Ngugi. Leo baadhi ya orodha humweka chini ya N na nyingine chini ya T, kana kwamba Thiong'o ni jina la ukoo kwa mtindo wa Ulaya. Mwanafunzi wa Beijing atakayempekua Ngũgĩ atakwama palepale alipokwama mwanafunzi wangu.

Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu tulifundishe jambo hili kabla mwanafunzi hajaandika sura ya kwanza. Tumtake aandike jina kamili katika marejeleo, si herufi ya mwanzo tu. Aambatishe alama za Kichina pale zinapopatikana. Alinganishe chuo, mwaka na somo. Na atazame nambari ya utambulisho ya ORCID, iliyoanza kutolewa mwaka 2012, ikiwa mwandishi anayo. Zaidi ya yote, aifungue kazi yenyewe na kusoma dibaji, ambamo aghalabu mwandishi hujitambulisha.

Mwanafunzi wangu ameiandika upya sura yake. Sasa ina wasomi watatu, na kila mmoja amepewa kilicho chake.