Kabla ya Kubadili Fremu, Tazama Nyuma

Juma hili ningependa tuzungumze juu ya picha ya ukutani. Katika nyumba nyingi za Wakatoliki, iwe kambini au uraiani, utaiona ile iitwayo Mama wa Msaada wa Daima: Bikira Maria amempakata Mtoto Yesu, na nyuma yao pote ni rangi ya dhahabu. Wengi wetu tumeizoea kiasi cha kutoitazama tena. Mimi nilijifunza kuitazama vyema baada ya kupoteza kitu kisichoweza kununuliwa tena.

Kwanza tuijue asili yake. Picha yenyewe imechorwa juu ya ubao kwa mtindo wa makanisa ya Mashariki, na yasimuliwa kwamba ililetwa Roma na mfanyabiashara kutoka kisiwa cha Krete. Mwaka 1499 iliwekwa katika kanisa la Mtakatifu Mathayo mjini humo. Kanisa hilo lilibomolewa mwaka 1798, Wafaransa walipoutawala mji, na kwa miaka mingi picha hiyo ikakaa mahali ilipojulikana na watu wachache tu. Mwaka 1866 Baba Mtakatifu Pio wa Tisa aliikabidhi kwa mapadre wa shirika la Waredemptoristi, na hadi leo imo katika kanisa la Mtakatifu Alfonso, Roma. Kimo chake ni kiasi cha sentimita 54 tu. Waliopata kuiona kwa macho yao ni wachache. Sisi wengine tunaijua kwa nakala.

Sasa itazameni nakala yenu. Juu, upande wa kushoto wa mtazamaji, Malaika Mkuu Mikaeli ameshika mkuki na sifongo juu ya mwanzi. Upande wa kulia Malaika Gabrieli ameshika msalaba na misumari. Mtoto ameviona vyombo hivyo vya mateso. Amegeuza uso, ameushika mkono wa mamaye kwa mikono yake yote miwili, na kiatu chake kimoja kimelegea, kinaning'inia kwa kamba. Waielezao picha hii husema kwamba Mtoto alishtuka, akamkimbilia mama yake hata kiatu kikamtoka. Naye mama hamtazami mtoto, anatutazama sisi.

Mama yangu, ambaye mumewe alikuwa askari polisi hapa Uganda, hakupata kusoma kitabu chochote juu ya picha hiyo, lakini kiatu kile alituonyesha tungali wadogo. Usiku ambao baba alikuwa doria, nasi tumejikunyata katika chumba kimoja cha kota, alikuwa akiiinua taa na kusema, "Mnaona? Hata huyu aliogopa. Kuogopa si kosa, ila usikimbie ovyo, mkimbilie mwenyewe." Naamini wake wengi wa askari wameyasema maneno kama hayo kwa namna zao, wawe wa dini hii au nyingine.

Baba alipopata uhamisho, picha ilikuwa kitu cha mwisho kuteremshwa ukutani na cha kwanza kutundikwa tulikofikia. Mama aliifunga katika leso mbili na kuipakata ndani ya lori, hakukubali ichanganywe na masufuria. Miaka ikapita. Moshi wa taa na wa jiko ukaitia weusi. Jua la dirishani likala wekundu wa vazi na umanjano wa dhahabu, nyuso zikabaki na rangi ya samawati kama za watu wenye baridi. Unyevu wa masika ukaingia, na karatasi ikagandamana na kioo.

Baba alipokwisha kufariki nami nimeanza kupata mshahara, niliona aibu kumwachia mama picha iliyochakaa hivyo. Nikanunua nakala mpya iliyo bora, iliyochapwa kwa wino usiopauka upesi, juu ya karatasi nzito ya pamba. Nikaichukua ile ya zamani pamoja na fremu yake hadi kwa fundi mmoja, nikamwambia, "Fundi, fremu ibakie, vilivyomo uvitoe." Fundi akatenda alivyoagizwa. Karatasi na ubao wa nyuma vilikwenda na takataka.

Mama aliipokea picha kwa mikono miwili, akaisifu kwa dhati. Kisha akaigeuza. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na maandishi ya baba yako yako wapi?"

Hapo ndipo nilipojua. Kila tulipohama, baba aliandika nyuma ya ubao ule jina la kituo na tarehe ya kufika. Alifanya hivyo kwa kalamu ya risasi, picha ikiwa imelazwa kitandani ikisubiri msumari. Mimi sikupata kuona, kwa maana mtoto hutazama mbele ya picha. Nilirudi kwa fundi siku ile ile, lakini taka zilikuwa zimekwisha kuchomwa. Simlaumu fundi, yeye alifuata amri, na amri niliitoa mimi.

Ndugu wasomaji, ndiyo maana ya makala haya. Nakala ya picha, hata iwe bora namna gani, yaweza kununuliwa tena. Lakini yale ambayo nyumba yenu imeiongezea hayana duka. Basi yafuatayo na tuyazingatie, si kwa picha takatifu tu, bali hata kwa picha ya baba akiwa katika sare yake, au cheti cha mafunzo kilichotundikwa sebuleni.

Kwanza, kabla ya kumpelekea fundi, igeuze picha. Soma kila kilichoandikwa, chungulia kati ya karatasi na ubao, kwani wazee wetu walificha humo barua na hata stakabadhi. Mwambie fundi waziwazi kwamba hakuna kitakachotupwa.

Pili, unaponunua nakala mpya, uliza juu ya karatasi na wino. Karatasi ya miti iliyosagwa, kama hii ya gazeti, hugeuka manjano na kukatika. Karatasi ya pamba isiyo na asidi hudumu zaidi. Cha rahisi ni ghali.

Tatu, picha isigusane na kioo. Fundi aweke kati yao fremu ya kadi nene, ili hewa ipate nafasi na unyevu usiigandamanishe. Picha isibandikwe kwa gundi wala kwa utepe. Yatosha kuishika kwa vifuko vidogo vya karatasi katika pembe zake nne.

Nne, usiitundike mkabala na dirisha lenye jua, wala karibu na jiko, wala juu ya ukuta unaotoa unyevu. Bandika vipande viwili vya mpira nyuma ya fremu, katika pembe za chini, ili hewa ipite. Kioo kinapochafuka, tia maji kwenye kitambaa, usiyamwage juu ya kioo, kwani yatapenya ndani. Kila miezi michache iteremshe, ukague mchwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tano, ikiwa picha ya zamani imegandamana na kioo, usiibandue. Iache pamoja na kioo chake, uifunge katika karatasi safi, na kuihifadhi mahali pakavu.

Nyumbani kwetu tulifanya lililowezekana. Jioni moja mama alikaa akakumbuka, nami nikaandika nyuma ya ubao mpya kwa kalamu ya risasi: Soroti, Arua, Masaka, Moroto. Vituo viwili hakuvikumbuka, na tarehe karibu zote zimepotea. Kati ya majina hayo tumeacha mistari miwili mitupu. Iwapo yuko mzee aliyefanya kazi na baba, siku moja huenda akaijaza.

Tukutane juma lijalo.