Kopo la sukari liwe mezani

Tesi zimeisha, nimerudi geto Sombetini, na leo nina hoja moja tu, ya chai.

Mtaani kwetu ukiagiza chai inakuja sukari imeshamiminwa humo humo kwenye birika. Ukisema "mama, naomba isiyo na sukari" unaulizwa kama unaumwa, tena kwa huruma ya kweli. Yaani asiyetaka sukari ni mgonjwa au kafulia! Mi naona tatizo linaanzia hapo, wala sio ulafi wetu.

Tupige hesabu kidogo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilisema sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na ikiwa chini ya 5 ni bora zaidi. Hiyo 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Sasa vikombe viwili asubuhi, vijiko vitatu vitatu, bajeti imekwisha na andazi bado halijahesabiwa. Soda ya kola ya mililita 350 peke yake ina karibu vijiko tisa. Na nyie wa "mi natumia asali", poleni, asali nayo imo, hata juisi ya miwa.

Msiniambie ni utamaduni. Loshoro ina sukari gani? Wazee wa kijiweni kahawa wanainywa chungu (kashata zao tuziache kwa leo, hehe).

Halafu ulimi unazoea jamani. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika na kilo kupita 4,000 sehemu nyingi, mama anayetuuzia chai alipunguza kimya kimya. Wiki ya kwanza tulinung'unika, ya tatu hakuna aliyekumbuka. Bei iliposhuka akarudisha, mshikaji mmoja akauliza hii ni chai au shira.

Kwa hiyo ombi langu: birika lije bila sukari, kopo na kijiko viwe mezani. Anayetaka vinne aweke vinne. Mwenye kisukari, na hapa tunapopanga tunaye mmoja, asilazimike kujieleza mbele ya benchi zima ndio apate kikombe cha chai.

Mama nimeshaongea naye. Hofu yake ni kwamba wanafunzi tutamaliza kopo. Amekubali kujaribu wiki moja, kuanzia Jumatatu. Njooni, ila vijiko muwe na huruma.