Khartoum Miaka 70: Chuo cha Makarani Kilichozaa Mshairi

Chuo Kikuu cha Khartoum kilipata hadhi yake kamili mwaka 1956, nchi ya Sudan ikiwa na miezi tu ya uhuru. Mwaka huu kinatimiza miaka 70, nacho kinaitimiza kikiwa na majeraha. Vita vilivyolipuka tarehe 15 Aprili 2023 viliukuta uwanja wa chuo katikati kabisa ya mapigano, kando ya Nili ya Buluu, si mbali na Ikulu. Siku za mwanzo mwanafunzi mmoja aliuawa kwa risasi, na kwa kuwa maiti haikuweza kutolewa, wenzake walimzika humohumo chuoni. Jeshi lilirudi katikati ya jiji Machi 2025, likakuta majengo yameharibiwa na vifaa vimeporwa. Walimu na wanafunzi walikwisha kutawanyika kutoka Port Sudan hadi Cairo.

Hata hivyo tunashangilia, na hatuoni haya kufanya hivyo. Ila tutaacha hotuba za majengo na orodha za wahitimu. Tutakisifu chuo hiki kwa mtu mmoja, Profesa Abdalla al-Tayyib, kwa sababu maisha yake yanaonyesha jambo ambalo waliokianzisha hawakulikusudia.

Walikusudia nini? Kitchener, jenerali Mwingereza, baada ya kuwavunja wafuasi wa Mahdi pale Omdurman mwaka 1898, alichangisha fedha Uingereza ili kijengwe chuo cha kumkumbuka Jenerali Gordon, aliyekuwa ameuawa na wafuasi hao Khartoum. Chuo cha Gordon kilifunguliwa mwaka 1902 na kazi yake ilijulikana: kutoa makarani, wahasibu, walimu wa shule ndogo na makadhi wa kuisaidia serikali ya kikoloni. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua hadithi hii, maana Makerere nayo ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Tena ndugu hawa wawili walikaguliwa na mtu yuleyule: mwaka 1937 Lord De La Warr alizitembelea Uganda na Sudan kutazama elimu ya juu, na baadaye vyuo vyote viwili vikafundisha kwa mitihani ya Chuo Kikuu cha London.

Abdalla al-Tayyib alizaliwa mwaka 1921 katika kijiji cha Tamirab, karibu na Damer, kaskazini mwa Khartoum. Ukoo wake ni Majadhib, masheikh ambao madrasa zao zilikuwa maarufu kiasi kwamba msafiri Burckhardt, alipopita Damer mwaka 1814, aliandika habari zao. Kwa hiyo kijana huyu alifika Chuo cha Gordon akiwa tayari ametoka kwenye chuo kingine, cha zamani zaidi, cha mbao za kuandikia na kuhifadhi kwa moyo. Kutoka hapo akaenda London, akapata shahada yake ya uzamivu mwaka 1950. Huko ndiko alikooa msanii Mwingereza, Griselda, ambaye naye aliishi Sudan miaka mingi akiyachora na kuyachunguza mavazi ya makabila ya nchi hiyo. Mwaka 1956, mwaka uleule tunaousherehekea, Abdalla akawa profesa wa Kiarabu Khartoum.

Mwaka mmoja kabla ya hapo lilikuwa limetoka buku la kwanza la kazi yake kubwa, al-Murshid, yaani mwongozo wa kuyafahamu mashairi ya Waarabu na ufundi wake. Taha Hussein, bingwa kipofu wa fasihi wa Misri, aliliandikia dibaji. Tungependa kila anayetunga kwa Kiswahili akijue kitabu hiki. Mwandishi anachukua bahari za ushairi wa Kiarabu moja baada ya nyingine, anazisikiliza, anauliza: bahari hii inabeba majonzi vizuri kuliko ile? Kina hiki kinalainisha neno au kinalikaza? Kisha anashuka kwenye mlio wa maneno yenyewe, na katika mabuku yaliyofuata, kwenye taswira na ishara za kasida. Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya miaka thelathini. Wapo wanaosema alipita mpaka alipodai kila bahari ina tabia yake, na sisi hatuoni kwamba wamekosea; mshairi hodari huipeleka bahari atakako. Lakini hoja yake imelazimisha kizazi kizima kusoma kwa sikio, na hilo peke yake linatosha.

Alitunga pia, diwani kadhaa, akishikilia mizani na vina wakati washairi wengi wa Kiarabu walikuwa wanaviacha. Ugomvi huo tunaujua vizuri huku kwetu. Kichomi, diwani ya mashairi huru ya Kezilahabi, kilipotoka mwaka 1974, wanajadi na wanamapinduzi walirushiana maneno ambayo mwangwi wake bado haujazimika. Khartoum ilipata bahati ya kuwa na pande zote mbili ndani ya ukuta mmoja: wakati Abdalla akitetea kasida, Muhammad Abdul-Hai, aliyefundisha idara ya Kiingereza, alitunga ushairi mpya unaoitafuta Sudan katika ufalme wa kale wa Sinnar. Chuo kilichowalea watu hawa wawili bila kumfukuza mmoja kina haki ya kujisifu.

Lakini sifa tunayoipima juu ya zote ni ya redioni. Kuanzia mwaka 1958 hadi 1969, Radio Omdurman ilirusha tafsiri ya Qur'ani: Sheikh Siddiq Ahmad Hamdun akisoma, Profesa akifafanua. Angeweza kuzungumza Kiarabu cha vitabuni ambacho hakuna aliyekijua kuliko yeye. Akachagua lugha ya nyumbani, ile ya muuza chai na ya bibi wa kijijini, na aya baada ya aya nchi nzima ikamsikiliza. Waliokulia na Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mwanachuoni na mshairi wa Zanzibar, wanaelewa kazi hiyo inadai nini: ujue sana, halafu usitishe watu kwa ujuzi wako. Mtu huyohuyo alikusanya ngano za Sudan na kuandika juu ya mila zinazobadilika za watu wa ukingo wa Nili.

Alikuwa pia mpanzi wa vyuo. Katika miaka ya 1960 alikwenda Kano, Nigeria, kujenga masomo ya Kiarabu katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Bayero. Aliongoza Khartoum, kisha mwaka 1975 akawa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Juba, upande wa kusini, nchi ikiwa imetulia kidogo baada ya mapatano ya Addis Ababa ya 1972 yaliyosimamisha vita vya Kaskazini na Kusini. Alifundisha Fez, Morocco, kwa miaka. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Mfalme Faisal, akafariki Juni 2003.

Khartoum haikuwatendea wema wasomi wake siku zote, na jubilei isilifiche hilo. Serikali zimekiogopa chuo hiki tangu Oktoba 1964, risasi za polisi zilipomwua mwanafunzi Ahmad al-Qurashi katika mkutano uliohusu suala la Kusini, na maandamano yaliyofuata yakauangusha utawala wa Jenerali Abboud. Baada ya mapinduzi ya 1989 walimu wengi walifukuzwa au wakaondoka wenyewe.

Tangu vita vya 2023 vianze, Rwanda na Tanzania zimewapokea wanafunzi wa udaktari kutoka chuo kingine cha Khartoum ili wamalize mafunzo yao. Idara zetu za Kiarabu na za Kiswahili nazo zina deni dogo: Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi au Kampala, mojawapo iwaalike wahadhiri wa fasihi waliokimbia Khartoum, iwape darasa na mshahara, na kazi ya kwanza iwe kukaa pamoja na washairi wetu kulifasiri buku la kwanza la al-Murshid, sura moja kila muhula.