Mkulima Naye Achague Mbegu

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa. Baadaye ukafika Nachingwea na Urambo, magharibi ya Tabora. Matrekta yaliletwa, lakini maarifa ya wenyeji juu ya udongo na mvua hayakutiliwa maanani. Mwaka 1951 mradi ukafutwa.

Kosa hilo lisirudiwe katika kuchagua mbegu. Karanga yaweza kuzaa sana katika shamba la majaribio, kisha mkulima wa Gongoni akaikataa kwa kuwa ganda lake ni gumu kubangua. Mtafiti hupima mavuno. Mkulima hupima pia kazi, mapishi na soko. Karanga za Mnanje na Mangaka, zilizoidhinishwa mwaka 2009, zilijaribiwa pamoja na wakulima. Basi mkulima na aitwe tangu majaribio, asingojee siku ya kugawiwa mbegu.