Dishi Hununuliwa Mara Moja, Kifurushi Hulipiwa Kila Mwezi

Watu wengi wanaotaka kuhamia TV ya setilaiti huingia dukani na swali moja tu: dishi ni pesa ngapi? Kwa maoni yangu, hilo ndilo swali dogo kuliko yote. Swali kubwa ni hili: ukishafunga hilo dishi, utalipia miezi mingapi kwa mwaka, na nani atakuwa anabonyeza simu kulipa?

Nyumba yetu iko Ruiru, kwenye ploti ya hamsini kwa mia, na kazi yangu iko Thika. Tulitoka kwa antena ya kawaida tukaingia kwa dishi, na niko sawa na uamuzi huo. Lakini baada ya kuishi nayo kwa muda, naona hii maneno ya dishi ni ya pesa zaidi kuliko ya picha. Wacha nieleze.

Kwa nini watu wa huku wanahama

Zamani TV ilikuwa unanunua, unasimamisha antena, basi. Hakuna mtu alikuwa anakudai kitu mwisho wa mwezi. Mambo yakabadilika nchi ilipotoka analogi kwenda dijitali. Mkataba wa kimataifa uliofikiwa Geneva mwaka wa 2006 ulikuwa umeweka tarehe ya mwisho kuwa 17 Juni 2015. Februari 2015, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima mitambo ya analogi Nairobi na viunga vyake, Citizen, NTV, KTN na QTV zilikaa karibu wiki tatu bila kuonekana hewani. Tangu hapo neno dekoda likaingia kila nyumba, na TV ikajiunga na tokeni za stima, maji na intaneti kwenye orodha ya vitu vya kulipia.

Halafu kuna ujenzi. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 mjini Ruiru, na tangu hapo ghorofa hazijaacha kuota. Antena ya kawaida hupokea mawimbi yanayosafiri kutoka kwa mnara wa mbali, na kila ghorofa linalosimama katikati linaweza kuyazuia. Na picha ya dijitali haififii polepole kama ile ya analogi iliyokuwa na chenga. Inakatika vipande vipande, inaganda, inapotea kabisa, kwa kawaida wakati wa habari za saa moja.

Setilaiti iko juu ya ikweta, takriban kilomita 36,000 kutoka chini. Thika na Ruiru ziko karibu digrii moja tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo madishi ya huku hutazama juu sana kuliko yale ya Ulaya. Ghorofa la jirani halisumbui kama lilivyosumbua antena. Kwa mtu aliyezungukwa na majengo, hiyo ni faida ya kweli.

Lakini kama antena yako inashika vizuri na unachotazama ni habari na vipindi vya hapa nyumbani, usihame kwa sababu jirani amehama. Dekoda ya chaneli za bure haina malipo ya mwezi. Hiyo ndiyo bei ngumu kuipiku.

Piga hesabu ya mwaka

Tuchukue mfano. Tuseme dishi, dekoda, waya na kazi ya fundi vimekugharimu 4,500. Kifurushi ulichochagua ni 1,400 kwa mwezi. Ukilipa miezi yote 12, hiyo ni 16,800. Kwa mwaka wa kwanza umetoa 21,300, na vifaa ni karibu moja ya tano tu ya pesa hizo. Mwaka wa pili vifaa ni sufuri, kifurushi bado ni 16,800.

Sasa angalia tangazo la dukani. Kitu kilichoandikwa kwa herufi kubwa ni kile cha 4,500, tena kikiwa kimepunguzwa bei. Punguzo la 1,000 kwenye dishi ni zuri, silikatai. Lakini kuteremka kutoka kifurushi cha 1,400 hadi cha 900 kunakuokolea 6,000 kila mwaka. Mtu anayebishana na muuzaji nusu saa kuhusu bei ya dishi, kisha anachagua kifurushi kwa sekunde tano, amebishana mahali ambapo hakuna pesa.

Lipia mwezi unaotazama

Kifurushi cha TV kina sifa moja nzuri ambayo watu huisahau: ni cha kulipia kabla. Usipolipa, hakuna deni linalokua wala faini. Picha inazimwa, basi. Ukilipa tena, inarudi. Hii si kama mkopo wa simu au kitu cha lipa pole pole.

Kwa hivyo chukua kalenda uketi na watu wa nyumba yako. Ligi kuu za Ulaya huanza Agosti na kuisha Mei. Kama dishi liliwekwa kwa sababu ya mpira, Juni na Julai unalipia nini, isipokuwa uwe mwaka wa Kombe la Dunia? Kama liliwekwa kwa sababu ya watoto na wote wako shule za bweni, basi miezi yako ni Aprili, Agosti, Novemba na Desemba. Katika mfano wetu wa 1,400, kuacha miezi minne tu kunabakisha 5,600 kwenye pochi.

Uliza mambo mawili kabla ya kununua. La kwanza: nisipolipa, ni chaneli gani zinabaki? La pili: nikikaa bila kulipa halafu nirudi, siku zangu zinahesabiwa kuanzia lini? Majibu hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na muuzaji asiyeweza kuyajibu si wa kukuuzia.

Kuna wanaosema ni rahisi zaidi kuweka malipo ya ratiba, yaani simu ilipe yenyewe kila mwezi. Mimi napenda hiyo huduma kwa vitu visivyongoja: kodi ya nyumba, karo, bima, akiba ya chama. Kwa TV, naona si vizuri. Kitu cha starehe kinafaa kukuomba ruhusa kila mwezi. Zile sekunde chache za kuandika PIN ndizo wakati wa kujiuliza kama mwezi uliopita mliitazama kweli.

Dekoda ni ya nani?

Hapa ndipo nimeona watu wakiumia. Fundi anakuja, anapanda juu, anashika mawimbi, kisha anasema, "Mama, wacha niiandikishe na namba yangu, itakuwa haraka." Anasema kwa roho safi, pengine. Lakini dekoda ikishaandikishwa kwa jina na namba yake, ujumbe wote kuhusu dekoda hiyo unamwendea yeye. Siku unataka kubadilisha kifurushi, unaulizwa mwenye akaunti, na mwenye akaunti ni kijana aliyebadilisha laini na kuhamia Nakuru.

Jirani mmoja wetu alizungushwa wiki nzima kwa jambo hilo hilo. Alikuwa na dekoda mkononi, risiti anayo, lakini kwenye mtambo wa kampuni hakuwa mtu.

Mlipe fundi kazi yake, na umlipe vizuri, kwa sababu kupanda kwenye mabati si mchezo. Lakini mambo matatu yawe yako: jina la akaunti, namba ya simu ya akaunti, na malipo ya kifurushi. Usimpe fundi pesa za kifurushi "akulipie". Vilevile usimtumie mtu yeyote anayekupigia simu akisema dekoda yako ina shida na anataka uitume pesa kwa namba yake ya kibinafsi ili awashe. Kampuni ina namba yake rasmi ya malipo. Namba ya mtu ni ya mtu.

Kabla ya kuandika PIN

Unapolipa kwa simu kuna namba mbili. Ya kwanza ni namba ya biashara, yaani ya kampuni ya TV. Ya pili ni namba ya akaunti, ambayo kwa kawaida ni namba iliyo kwenye dekoda au kadi yake. Simu ikikuonyesha jina kabla ya PIN, jina hilo ni la kampuni. Linakuhakikishia pesa zinaenda kwa kampuni sahihi. Halikuambii kama zinaenda kwa dekoda sahihi. Ukikosea tarakimu moja ya akaunti, jina litatokea lile lile, na pesa zako zinaweza kufungua TV ya nyumba nyingine.

Dawa ni rahisi. Andika namba ya dekoda mara moja, mchana, ukiwa umetulia, mtu mwingine akuhakikishie, kisha uihifadhi kwenye simu kwa jina "Dekoda". Kila ukilipa, nakili kutoka hapo. Usiisome ukiwa umepiga magoti nyuma ya TV na tochi, mpira ukiwa umeshaanza.

Ukikosea, usifute ujumbe wa malipo. Ile kodi ya herufi na tarakimu iliyo mwanzoni ndiyo ushahidi wako. Wapigie haraka watu wa huduma ya malipo na pia kampuni ya TV, kwa namba zao rasmi, uwatajie kodi hiyo.

Mvua si deni

La mwisho ni dogo lakini linakula pesa. Mvua kubwa hukata mawimbi ya setilaiti. Ikinyesha ile ya Aprili au Novemba, picha inaweza kupotea kwa dakika kadhaa hata kama ulilipa jana. Soma kilichoandikwa kwenye skrini kabla ya kushika simu. Kama inasema hakuna mawimbi, ngoja mvua ipungue. Kama inasema hujalipia, hapo ndipo uangalie ujumbe wako wa mwisho wa malipo na uhesabu siku. Mtu anayelipa kila picha ikipotea anaweza kulipia mwezi mmoja mara mbili.

Msimamo wangu basi ni huu. Nunua dishi kama antena imekushinda. Andikisha kwa jina lako. Chagua kifurushi kidogo kwanza, kwa sababu kupanda ni rahisi kila siku, lakini kushuka watoto watalia. Lipa mwenyewe, kwa namba rasmi, miezi unayotazama. Na mwezi ambao nyumba haina haja nayo, iache izime bila aibu. Hakuna mgeni wa maana ambaye ameshawahi kuondoka kwa sababu TV haikuwa imelipiwa.